Ile 1,500 kwenye LUKU: kodi ya jengo na mwenye nyumba

"Mama, umeme wangu umeliwa!"

Ndivyo alivyoanza mwalimu niliyempangisha ile nyumba ya Ipuli, hata salamu hakutoa. Alikuwa amehamia jana yake, akanunua LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya shilingi 10,000, akapata uniti 11 na ushee, badala ya 28 alizozoea alikotoka. Nikamwomba anitumie ile meseji ya tokeni. Nilipoiona nikacheka peke yangu, halafu nikaona aibu. 6,000 ilikuwa imekatwa kodi ya jengo. Nyumba ilikaa tupu miezi mitatu baada ya mpangaji wa kwanza kuhamia Nzega, hakuna aliyenunua umeme, deni likajilimbikiza: miezi mitatu na ule aliohamia, mara 1,500. Mwalimu wa watu akalipa kodi ya nyumba ambayo hata kulala alikuwa hajalala. Nilimrudishia pesa yake kwenye simu, na ya kutolea juu.

Basi wewe mwenye nyumba hapa Tabora, kabla hujagombana na mpangaji, elewa hii kodi inavyotembea.

Kodi ya majengo si mpya. Zamani ilikusanywa na manispaa, mwaka 2016 ikahamia TRA (Mamlaka ya Mapato), na Agosti 2021 ikaanza kukatwa kwenye LUKU. Ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa hapa mjini ni 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Haijalishi nyumba yako ina vyumba viwili au vinane, ina vigae au bati lililoshika kutu: kama si ghorofa ni 1,500.

Inakatwa unaponunua umeme mara ya kwanza ndani ya mwezi. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Chukua meseji yako ya mwanzo wa mwezi uisome polepole. Tuseme umenunua wa 5,000, na uko kwenye bei ya kawaida, si ile nafuu ya wanaotumia umeme kidogo. Toa 1,500, inabaki 3,500. Humo umeme wenyewe ni 2,868.85, VAT 516.39, tozo ya umeme vijijini (REA) 86.07, ya mdhibiti wa nishati (EWURA) 28.69. Unapata uniti 9.8. Ukinunua tena wa 5,000 wiki ijayo, uniti ni 14. Mita haijaharibika, na hakuna aliyekuibia. Ndiyo maana mimi wapangaji wangu nawaambia: mwanzo wa mwezi msinunue umeme wa 2,000, mtalia.

Sasa, nani alipe? Kodi ni ya mwenye jengo. Mpangaji anaitoa kwa sababu tu kidole chake ndicho kinachobonyeza namba za tokeni. Wenye nyumba wengi tunajifanya hatulijui hilo. Mimi naandika kwenye mkataba kwamba 18,000 ya mwaka inatolewa kwenye kodi ya pango anayonilipa, na kama nyumba ilikaa tupu, LUKU ya kwanza nanunua mwenyewe kabla sijakabidhi funguo.

Kuna nyumba za uani zenye mita tatu, kila mpangaji na yake. Jengo likiwa moja, kodi ni moja, ikatwe kwenye mita moja. Ukiona mita zote zinakatwa, andika namba za mita zote, beba na meseji za tokeni, nenda ofisi inayokusanya kodi ya majengo ukaeleze. Usiende mikono mitupu ukaanza kulalamika dirishani.

Wapo wanaosamehewa. Nyumba ya tope au ya nyasi haitozwi. Mzee wa miaka 60 na kuendelea anayeishi kwenye nyumba yake isiyomwingizia kipato naye anasamehewa, kwa nyumba hiyo moja, lakini ni lazima aombe. Mita haijui umri wa mtu. Shangazi yangu wa Ng'ambo ana miaka 74, nikamwambia tuanzie kwa mwenyekiti wa mtaa tupate barua. Njiani akanikumbusha mwenyewe: "Na yule kijana wa chumba cha mbele?" Kijana anamlipa kila mwezi. Hicho ni kipato. Tukageuza, tukanunua karanga, tukarudi nyumbani.

Nyumba isiyo na umeme wa TANESCO, hata kama ina sola, haijaponea hapo. Hiyo unaichukulia namba ya malipo na kulipa moja kwa moja.

La mwisho, maana jirani yangu wa Isevya lilimponza: kodi ya jengo si kodi ya pango la ardhi. Kama kiwanja chako kimepimwa na una hati, ardhi inadaiwa peke yake kila mwaka, kwa Wizara ya Ardhi, na haimo kwenye LUKU. Yeye aliamini LUKU inamaliza yote. Akaja kuletewa notisi ya miaka minne, kaishika mkono mmoja, na mkono mwingine una bahasha ya risiti za umeme alizozitunza vizuri kabisa.