Ukitoka shabaha, nawa kabla ya nyama choma

Wenzangu wenye leseni ya bunduki, tukimaliza mazoezi ya shabaha Jumamosi huwa tunapitia Kenyatta Market moja kwa moja. Ugali, nyama, kachumbari, vidole ndani ya sahani. Hapo ndipo tunapokosea.

Kiswahili kilishatuonya: risasi ni ile tunayofyatua, na risasi ni madini yenyewe (lead), ambayo ni sumu. Hata ile iliyovishwa shaba haikuokoi, kwa sababu kemikali ya kuwashia baruti, iliyo kitakoni mwa ganda, mara nyingi huwa na risasi pia. Kila mlio unaacha vumbi mkononi, usoni, kwenye mkono wa shati. Sanitaiza haiondoi kitu hapo. Inaua vijidudu, na haya ni madini. Tumia sabuni na maji yanayotiririka, sugua kucha, nawa na uso. Mimi hubeba kipande cha sabuni na chupa ya maji kwenye buti ya gari, watu wacheke wakitaka.

Nguo za shabaha zifuliwe peke yake, na viatu vibaki mlangoni, hasa kama una mtoto anayetambaa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huumia zaidi, ubongo hasa. Anayekumbuka Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa ambao watu wake walidhuriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, hahitaji kuelezwa.

Mkeka unaosafishia bunduki ufute kwa kitambaa kibichi, usiukung'ute. Na lile ganda tupu linalong'aa, usimpe mtoto achezee.