Paneli ya kugusa haiongei na kompyuta? Anza na tepu

Msimu wa korosho ukianza, simu yangu haitulii. "Fundi, paneli imekufa." Paneli, ile skrini ya kugusa ya kuendeshea mashine, haijafa; waya wa kuiunganisha na kompyuta ndio uliochaguliwa vibaya. Kwa hiyo kabla ya bisibisi natoa tepu, napima njia yote ambayo waya utapita, kona na kupanda kwa ukuta.

RS-232, aina moja ya muunganisho wa waya kati ya vifaa, ilinitia aibu. Kiwanda kimoja cha kubangua korosho hapa Mtwara, paneli iko kwenye boila, kompyuta ofisini, mita 40 hivi. Nyaya tatu tu: kutuma, kupokea na wa pamoja. Asubuhi ikakubali. Mota ya feni ya kukaushia ilipowashwa, namba za joto zikaanza kucheza. RS-232 hupima volti dhidi ya ule waya wa pamoja, hivyo kelele za mota huingia moja kwa moja. Isizidi mita 15. Siku hizi naitumia kupakia programu tu, laptopu ikiwa pembeni.

Nikang'oa, nikavuta RS-485, aina nyingine ya muunganisho. Nyaya mbili zimesokotwa, na kinachosomwa ni tofauti kati yao. Kelele ikizipata zote sawa, haina madhara. Kwa kasi ndogo inafika mita 1200, vifaa 32 kwenye laini moja. Ivute kutoka kifaa hadi kifaa, usiitawanye kama matawi ya mkorosho. Rezista za omu 120 ziwe kwenye ncha mbili za mwisho tu. Kasi, pariti (biti ya kukagua makosa) na biti ya kukomea (alama ya mwisho wa kila herufi) vilingane pande zote. Mimi huanza na kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Kukiwa kimya, geuza zile nyaya mbili, A na B, maana watengenezaji hawajakubaliana ipi ni ipi (nimeshapoteza mchana mzima hapo). Kwenye Modbus RTU, lugha ya mawasiliano inayopita kwenye nyaya hizi, kompyuta huuliza, paneli hujibu, kila moja kwa namba yake, 1 hadi 247. Mbili zikipewa namba moja, zitaitikia hodi kwa pamoja na hutasikia kitu.

Etheneti, waya wa mtandao wa kompyuta, ni ya haraka, na kompyuta zaidi ya moja zinaweza kusoma paneli ileile. Kebo isizidi mita 100, kisha weka swichi ya mtandao. Paneli ipe anwani 192.168.1.10, kompyuta 192.168.1.11, barakoa ya mtandao (subnet mask) 255.255.255.0, halafu piga ping, yaani jaribu kutoka kwenye kompyuta kama paneli inaitikia. Ping ikijibu na data haiji, angalia kama ngome (firewall) ya Windows imefunga bandari (port) 502 ya Modbus TCP, ile Modbus inayopita kwenye Etheneti.

Karibu na bahari, chomoa plagi za kebo kila baada ya miezi michache uzikague. Chumvi hula zile pini kimyakimya.