Jinsi ya kuomba amri ya ulinzi dhidi ya mume au mpenzi anayekudhulumu (Kenya)

Watu wengi huambiwa "kapige ripoti polisi", wakadhani hakuna mlango mwingine. Upo. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inakuruhusu kumwomba hakimu amri ya kumzuia mtu asikukaribie, asikupigie simu, asifike kazini kwako, hata ahame nyumba mnayoishi. Si lazima awe ameshtakiwa, wala si lazima muwe na cheti cha ndoa: mchumba, mliyeachana, mliyezaa naye, wote wamo. Na dhuluma si kipigo tu. Vitisho, kunyimwa pesa na kufuatwafuatwa vinahesabika.

Nimetoka kumsindikiza mdogo wangu katika shughuli hii, kwa hiyo nitakaa zaidi pale tulipokwama.

Ukiwa na jeraha, anza hospitalini na utunze kila karatasi. Kisha nenda kituo cha polisi, uchukue nambari ya OB (daftari la matukio la kituo) na fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha yako na ni ya bure. Sisi afisa wa kaunta alituambia haya ni mambo ya nyumbani, turudi tukaongee. Usirudi. Uliza dawati la jinsia, linaloshughulikia kesi za dhuluma kama hizi, na kumbuka kwamba sheria inakupa haki ya kuandikisha taarifa kwa afisa wa jinsia yako.

Mahakamani unapeleka ombi, hati ya kiapo (maelezo yako uliyoyaapia) na cheti cha dharura, kinachoomba kesi isikizwe haraka. Usipokuwa na pesa za wakili, FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, husaidia wanawake bila malipo, na simu ya 1195 ya msaada kwa wanaodhulumiwa haitozwi, usiku na mchana. Uzito wote uko kwenye hati ya kiapo. "Ananitesa kila siku" haimsaidii hakimu. Andika tarehe, alichofanya, alichosema kwa maneno yake mwenyewe, na nani alikuwepo. Jumbe za vitisho zichapishwe nambari yake na tarehe vikionekana. Katika ombi, omba waziwazi amri ya muda itolewe kabla yeye hajasikizwa, na utaje watoto kama nao wako hatarini. Kwa kuwa kesi husajiliwa mtandaoni, tumia barua pepe ambayo haijafunguliwa kwenye simu anayoweza kuishika.

Amri ya muda ilipotoka tulifurahi, na hapo ndipo muda ulipoanza kutupotea. Lazima mlalamikiwa, yaani yule anayekudhulumu, akabidhiwe nakala, na aliyempa aape hati ya kuthibitisha hivyo. Faili yetu ilifika mbele ya hakimu bila hati hiyo, kesi ikaahirishwa, na mdogo wangu akaendelea kulala kwa jirani. Siku ile ile unayopewa amri, uliza masjala nani atakayeipeleka, uchukue namba yake ya simu, na umpigie mpaka akwambie hati imeingia kwenye faili. Usimpelekee mlalamikiwa amri wewe mwenyewe, wala usimtume ndugu yako. Ni hatari.

Toa nakala zilizogongwa muhuri wa mahakama upeleke moja kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi) wa kituo kilicho karibu na unapolala, nyingine karibu na kazini, na nyingine kwa mwalimu mkuu wa shule ya watoto. Pale kituoni hakikisha imeandikwa kwenye OB, kisha nambari hiyo uiandike kwa kalamu juu ya nakala yako. Usiku mmoja mlalamikiwa alipokuja kugonga mlango, afisa aliyepokea simu hakujua lolote kuhusu kesi. Mdogo wangu alimsomea nambari ya OB, na gari likaja.

Kuvunja amri ni kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Akija na wazee kuomba msamaha, amri bado inamfunga. Wazee hawawezi kuiondoa, wala yeye hawezi kukulazimisha uichane. Ni mahakama pekee inayoweza kuifuta.