Igizo Lisilo na Mwisho: Namna ya Kuliendesha Mtaani

Augusto Boal wa Brazili aliibuni mbinu hii miaka ya 1970. Mnaigiza tatizo hadi mhusika anashindwa, kisha mnarudia, na safari hii mtazamaji yeyote anaweza kuingia kugeuza mambo. Mnahitaji waigizaji wanne au watano, mwezeshaji, uwanja wenye kivuli na saa moja na nusu.

Chagueni tatizo moja, tena dogo. "Ukatili wa kijinsia" hauigiziki. "Shemeji amekuja kwa mjane baada ya arobaini kudai hati ya nyumba" linaigizika. Visa vikusanywe kwa wenyeji, ila badilisheni majina, idadi ya watoto, hata kazi ya marehemu. Mtaani watu hutambuana kwa kidokezo kidogo sana.

Igizo liwe la dakika 10 hadi 12. Pangeni matukio tu, maneno yatungwe papo hapo. Ziwepo nafasi tatu hivi ambazo mjane angeweza kutenda vingine: shemeji anaponyoosha mkono, "Shemeji, nipe hiyo hati nikutunzie", jirani anapojifanya hajasikia, kikao cha ukoo kinapoandika muhtasari asiosomewa. Bila nafasi hizo, watazamaji hawana pa kuingilia. Shemeji asiwe wa kufoka. Mwenye sauti ya upole ndiye wanayemjua nyumbani.

Malizeni mjane akiwa ameshindwa, kisha mrudie kwa kasi. Anayepaza "Simama!" aje, ajifunge kanga ya mjane, aonyeshe. Akianza kuhutubia kutoka kwenye benchi, mwezeshaji amwambie, "Njoo utuonyeshe." Shemeji aendelee kubana; akilegea upesi, watu watarudi nyumbani na mbinu isiyofanya kazi. Wala asikubaliwe mtu kushika nafasi ya shemeji na kumfanya mwema ghafla. Huo ni muujiza, na mjane halisi hana wa kumtendea.

Kimya kikitanda, msikimbilie kutoa jibu. Wapeni dakika mbili wanong'one wawili wawili. Mara nyingi wanawake hunyamaza kwa sababu mwenyekiti wa mtaa ameketishwa mbele kabisa. Mketisheni katikati ya watu, na hotuba yake ije mwishoni.

Awepo msaidizi wa kisheria wa kueleza, kwa mfano, jinsi ya kufungua mirathi mahakama ya mwanzo. Na aliyetokwa na machozi asiondoke peke yake: mwanakikundi mmoja amsindikize, na wakubaliane siku ya kuonana tena.