Mbwa wako ana mimba: tafuta daftari

Kila anayeniuliza habari za mbwa mwenye mimba, mie huanza na swali moja: alipandwa tarehe ngapi? Wengi hawana jibu. "Kama mwezi hivi," wananiambia, au "alipotoroka wiki ile." Basi tunaanza kubahatisha, na kubahatisha huko ndiko kunakogharimu watoto, maana mimba ya mbwa ni fupi na siku mbili tatu zina uzito wake. Kwa hiyo kabla hujawaza chakula wala sanduku la kuzalia, tafuta daftari na kalamu. Kuzaa atazaa mwenyewe. Kazi yako ni kuhesabu.

Andika kila siku aliyopandwa, si ile ya kwanza tu. Mimba huchukua siku 63 hivi tangu mayai yatoke, lakini ukihesabu tangu kupandwa inaweza kuwa popote kati ya siku 57 na 72, kwa kuwa mbegu za dume hukaa hai siku kadhaa zikisubiri mayai yakomae. Siku ya 56 mie huizungushia wino mwekundu. Kuanzia hapo sisafiri.

Tumbo lisikudanganye. Mbwa jike aliyetoka kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, anaweza kuvimba chuchu, kutoa maziwa na hata kukusanya matambara pembeni, kumbe ndani hamna kitu. Hiyo ni mimba ya uongo, na hutokea sana. Ultrasaundi huonyesha mapigo ya moyo ya watoto kuanzia siku ya 28 hivi. Eksirei ni ya mwishoni, baada ya siku ya 55, mifupa ikiwa imekomaa, na hiyo ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote kwa sababu inakupa idadi. Saa nane za usiku, watoto watano wakiwa wananyonya na mama ametulia, mwenye picha iliyoonyesha watano anakwenda kulala. Asiye na picha anakesha, au kibaya zaidi, analala huku mtoto wa sita amekwama.

Chakula kwanza. Watu wakisikia mimba wanajaza bakuli siku hiyohiyo, na mama ananenepa bure. Mafuta mengi humpa taabu wakati wa kuzaa. Mpe kiasi chake cha kawaida mpaka wiki ya tano. Kuanzia hapo watoto wanakua kwa kasi, kwa hiyo mhamishie polepole kwenye chakula kamili cha watoto wa mbwa, ukiongeza kidogo kidogo hadi awe anakula robo au hata nusu zaidi ya zamani anapokaribia kuzaa. Tumbo la chakula litakuwa limebanwa, hivyo gawa milo midogo mara tatu au nne kwa siku. Akikataa kula siku mbili tatu karibu na wiki ya nne usishtuke sana, hiyo hupita. Akikataa zaidi ya hapo, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Nyama mbichi iache kabisa kipindi hiki.

Sasa kalsiamu. Hapa huwa nabishana na watu wazima. Wanasema watoto wanahitaji mifupa, kwa hiyo mama apewe vidonge. Ukimpa kalsiamu ya ziada wakati wa mimba, mwili wake unazoea kuipata bila jasho na unaacha kuichota kutoka kwenye mifupa yake. Maziwa yakianza kutoka kwa wingi na mahitaji yakapanda ghafla, mwili umeshasahau njia. Kalsiamu ya damu inaporomoka, anapata degedege. Chakula kamili kinatosha. Vidonge viache dukani, isipokuwa daktari awe amempima na kumwandikia.

Minyoo nayo haisubiri watoto wazaliwe. Ile ya duara hulala kwenye misuli ya mama, na mimba ikikua huamka, huvuka kondo la nyuma na kuingia kwa watoto wangali tumboni. Muulize daktari kuhusu fenibendazoli, ambayo hutolewa kila siku kuanzia siku ya 40 ya mimba hadi siku ya 14 baada ya kuzaa, kwa kipimo kinachofuata uzito wa mbwa. Chanjo ni jambo la kabla ya kupandwa. Dawa za maumivu za binadamu, iwe ibuprofeni, diklofenaki au parasetamoli, usimpe hata kipande.

Mtembeze kama kawaida, ila polepole kadiri anavyozidi kuwa mzito. Wiki tatu za mwisho, na tatu za kwanza baada ya kuzaa, asichanganyike na mbwa wageni. Kuna virusi vya herpesi vya mbwa ambavyo kwa mkubwa ni mafua tu, lakini kwa mtoto wa siku chache ni kifo.

Sanduku la kuzalia liwe pana kiasi cha mama kujinyoosha kabisa na bado nafasi ibaki. Upande mmoja uwe mfupi ili aingie na kutoka bila kuburuza chuchu. Ndani, kuzunguka kuta zote, pigilia ubao mwembamba ulioachana na ukuta na sakafu kwa sentimita kama 10, zaidi kidogo kwa mbwa mkubwa. Mama akijilaza akaegemea ukuta, mtoto aliye nyuma yake anapata pa kujificha badala ya kubanwa. Tandika magazeti, maana utayabadilisha mara nyingi. Mzoeshe kulala humo wiki mbili kabla. Jike langu, Tausi, alilipuuza sanduku nililomtengenezea akaenda kufukua chini ya kitanda. Sikubishana naye. Nililisogeza sanduku hadi chumba kile, nikalifunika nusu kwa shuka ili liwe na giza, akahamia mwenyewe. Mbwa hutafuta pango, na wengi wetu tunamwekea jukwaa.

Karibu na sanduku weka taulo safi nyingi, kipimajoto, mizani ya jikoni, uzi imara, mkasi uliochemshwa, iodini, na namba ya daktari anayepokea simu usiku. Mpigie mapema umwambie tarehe. Kama mbwa wako ni wa zile aina za uso bapa, mzungumze upasuaji kabla, kwa sababu wengi wao vichwa vya watoto havipiti.

Kuanzia siku ya 56 mpime joto asubuhi na jioni kwa njia ya haja kubwa, ncha ukiwa umeipaka mafuta. Kwa kawaida utaona nyuzijoto 38 na kidogo. Likishuka chini ya 37.2, uchungu mara nyingi uko ndani ya saa 24. Zikipita saa hizo bila dalili yoyote, piga simu.

Hatua ya kwanza haina cha kuona. Anahema, anatetemeka, anafukua, anakataa chakula, pengine anatapika. Inaweza kuchukua saa 6 hadi 12, na kwa anayezaa mara ya kwanza hata 24. Awepo mtu mmoja anayemwamini. Majirani na watoto wa nyumbani waje kesho. Akitaka kutoka kwenda haja mfunge kamba na uchukue tochi, kwani wapo wanaomdondosha wa kwanza huko huko nje.

Akianza kusukuma kwa nguvu, andika saa. Msukumo mkali wa dakika 20 hadi 30 bila mtoto ni simu kwa daktari. Mapumziko kati ya mtoto na mtoto huwa ya nusu saa au saa moja. Yakizidi saa mbili na hesabu inaonyesha kuna waliobaki, piga simu. Uchafu wa kijani ukitoka kabla ya mtoto wa kwanza maana yake kondo limeshaachia na mtoto hana hewa, hapo usisubiri hata dakika. Ukitoka baada ya wa kwanza ni kawaida. Damu mbichi nyingi, au mama kulegea, usipige hesabu tena, mbebe mwende. Anayetanguliza miguu ya nyuma asikutishe, karibu nusu yao huja hivyo.

Mama huchana mwenyewe utando unaomfunika mtoto na kumlamba. Asipofanya hivyo upesi, uchane wewe kuanzia mdomoni, futa pua na kinywa, kisha msugue mtoto kwa taulo kavu mpaka alie, kichwa kikiwa kimeinama kidogo. Usimrushe wala kumzungusha hewani, hiyo huumiza ubongo. Kitovu kikivuja damu kifunge kwa uzi sentimita 2 au 3 kutoka tumboni, kata upande wa fundo ulio mbali na tumbo, pakaa iodini. Hesabu na makondo: kila mtoto na lake. Mama akila moja mawili si kitu, akiyala yote ataharisha.

Mtoto mchanga hawezi kujipasha joto. Wiki ya kwanza pale walipo pawe na nyuzijoto 29 hadi 32. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa iwekwe upande mmoja, ili aliyezidiwa na joto aweze kusogea. Watoto waliolundikana kimya wameridhika. Waliotawanyika wakihema wamezidiwa na joto, na wanaolia wakitafuta wana baridi au njaa. Wote wanyonye dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya mama, siku hiyohiyo ya kwanza, kwa kuwa baada ya hapo utumbo wao haupokei tena kinga iliyomo. Aliyepoa mpashe joto kwanza ndipo umlishe. Tumbo baridi halisagi maziwa. Ikibidi kulisha kwa chupa, tumia maziwa mbadala ya watoto wa mbwa, na alale kifudifudi. Ya ng'ombe ni mepesi mno kwao. Na kama mama hawalambi, wapanguse kwa pamba yenye maji vuguvugu chini ya mkia baada ya kila mlo, la sivyo hawakojoi.

Wafunge nyuzi laini za rangi shingoni, zilizolegea, na uwapime uzito kila siku saa ileile. Kupungua kidogo siku ya kwanza kunasameheka. Baadaye kila mmoja apande kila siku, na kati ya siku ya 7 na ya 10 awe amefikia mara mbili ya uzito aliozaliwa nao. Anayesimama mizani ikiwa imeganda ndiye wa kumwangalia, hata kama anaonekana mzima.

Mama naye sasa anakula mara mbili hadi nne ya zamani, na maji yasikauke. Uchafu mwekundu-kahawia unaopungua wiki baada ya wiki ni sawa. Ukinuka, au akapata homa, mpeleke. Kagua chuchu kila siku: iliyo ngumu na ya moto ina uvimbe wa maziwa. Akianza kutembea kama miti, kutetemeka au kuhema ovyo katika wiki nne za mwanzo, hasa kama ni mdogo wa umbo na ana watoto wengi, hiyo ndiyo degedege niliyoisema. Watenge watoto na umwahishe kwa daktari saa hiyohiyo.

Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14. Wiki ya pili wape dawa ya minyoo na uwakate ncha za kucha, maana zinamchana mama. Wiki ya nne anza chakula laini kilicholowekwa kwenye sahani pana. Watakikanyaga kwanza, watakila baadaye. Wasiondoke kabla ya wiki ya 8. Kama hutaki uzao mwingine, panga na daktari kumfunga uzazi maziwa yakishakauka, na mpaka hapo mfungie mbali na madume.