Ukitaka kuandika wasifu wa jaji wa Marekani

Niliwahi kuandika makala ya gazeti kuhusu Constance Baker Motley, jaji wa shirikisho wa Marekani, nikamwita "hakimu wa mahakama ya wilaya". Asubuhi ileile karani mmoja mstaafu wa mahakama, mzee wa Tanga, akanipigia. Shikamoo yangu hata hakuimalizia kuitika: "Mwanangu, mbona umemshusha cheo huyo mama?" Kweli kabisa. Kwetu mahakama ya wilaya ina hakimu. Mahakama ya Wilaya ya shirikisho kule Marekani ina jaji: Rais humteua, Seneti humthibitisha, na akitaka atakaa mpaka kufa. Andika "jaji".

Sasa fungua orodha ya Federal Judicial Center, taasisi ya mahakama za shirikisho za Marekani, ni bure, ina majaji wa shirikisho tangu 1789. Shule na vyeo usivihangaikie, kila mtu anavinakili. Tafuta tarehe ya kuteuliwa na tarehe ya kuthibitishwa. Motley aliteuliwa na Rais Lyndon Johnson Januari 1966. Seneti ikamthibitisha Agosti 30. Miezi saba! Hapo jiulize nani alikalia faili. Alikuwa Seneta James Eastland wa Mississippi, mwenyekiti wa kamati iliyochuja majaji. Na Motley ndiye wakili aliyeshinda kesi iliyomwingiza James Meredith, kijana mweusi, katika Chuo Kikuu cha Mississippi mwaka 1962. Makala yako imeshapata pa kuanzia.

Kisha chagua hukumu moja uisome yote, hata kamusi ichanike. Mimi hupenda ya Motley ya 1978. Melissa Ludtke, mwandishi wa michezo, alizuiwa kuingia chumba cha kubadilishia nguo cha Yankees, klabu ya besiboli ya New York, wenzake wa kiume wakipita. Wakubwa wa besiboli wakadai faragha ya wachezaji. Mtazame jaji anavyokwenda. Kwanza, uwanja wa nani? Wa Jiji la New York, klabu ni mpangaji tu. Mali ya umma hiyo, basi Katiba, inayoikataza serikali kubagua, inahusika. Na faragha? Wachezaji wanaweza kujifunga taulo, au wakatundika pazia. Nukuu taulo hiyo, achana na picha ya kuapishwa.

Tafuta pia siku aliyotakiwa ajitoe. Mwaka 1975, katika kesi ya wanawake mawakili waliodai kubaguliwa kazini, upande wa utetezi ulisema Motley hafai kuisikiliza: ni mwanamke, ni mweusi, na alishatetea haki za watu. Akajibu kwamba kama rangi na jinsia ni sababu, hakuna jaji hata mmoja pale atakayebaki, maana kila mmoja ana za kwake. Hapo usiongeze sifa zako, mwachie maneno yake.

Mwaka 1986 utakuta ameingia ujaji mwandamizi. Hiyo maana yake kiti chake kinajazwa na mwingine, naye anaweza kuendelea kusikiliza kesi, kwa kawaida chache. Motley aliendelea kuwa jaji hadi alipofariki Septemba 2005. Mimi niliandika "alistaafu 1986", na mzee wa Tanga akapiga tena kabla ya chakula cha mchana.