Kurekebisha madai ya ukiukaji wa hataza kesi ikiwa inaendelea

Mimi ni msaidizi wa mawakili San Jose, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni majedwali: kushoto kila kipengele cha dai la hataza (sentensi ya hataza, yaani haki ya kipekee ya mvumbuzi, inayotaja kinacholindwa), kulia sehemu ya bidhaa ya mdaiwa tunayosema ina kipengele hicho. Katika Mahakama ya Shirikisho ya Kaskazini mwa California, jedwali likishakabidhiwa huligusi tena bila amri ya jaji. Kanuni ya 3-6 ya mahakama hiyo kuhusu kesi za hataza inataka sababu ya msingi.

Kwa hiyo anza na tarehe, hoja zitafuata. Tuseme mmefunguliwa msimbo chanzo wa mdaiwa (maandishi ya ndani ya programu yake), mkakuta moduli, yaani sehemu ya programu, ambayo haijawahi kuonekana hadharani. Andika siku hiyohiyo: nani aliiona, faili gani, mstari gani. Jaji ataangalia bidii yenu kwanza, kisha kama mdaiwa ataumia. Katika kesi ya O2 Micro dhidi ya Monolithic Power Systems ya 2006, mahakama ya rufaa ilisema bidii ikikosekana, hilo swali la pili halina haja ya kufikiwa. Mdai alikuwa amekaa karibu miezi mitatu na taarifa mkononi!

Mtumie wakili wa upande wa pili jedwali jipya, mabadiliko yakiwa yamewekewa rangi, umwombe aridhie. Akikataa, wasilisheni ombi wiki hiyohiyo, pamoja na kiapo chenye tarehe zenu.

Mahakama ikitafsiri maneno ya hataza tofauti na mlivyopendekeza, hiyo nayo yaweza kuwa sababu. Lakini kuongeza bidhaa iliyokuwa ikiuzwa dukani tangu mwanzo, ambayo mngeweza kuiona mapema, mh, sahau.